Kitambaa kisicho na pacha

Mavuno ya mpunga yanapopamba moto Ifakara, kati ya Mei na Julai, mashine za kukoboa huunguruma hadi usiku, na pembeni mwa kila mashine hufagiliwa vitu viwili: pumba na uzi mweupe. Pumba zina wenyewe, wafuga kuku na wachoma matofali. Uzi hauna mwenyewe. Hutoka kwenye midomo ya viroba vilivyoshonwa kwa ile mashine ndogo ya mkononi, na mshono wake ni wa cheni, kitanzi ndani ya kitanzi, kuanzia pembe moja ya mdomo hadi nyingine. Ukishika ncha inayotakiwa, mvuto mmoja tu na kiroba kiko wazi. Ukishika ncha ya upande wa pili, unazidi kukikaza, na mwisho utaomba kisu.

Mwanamke anayefuma kwa kroshia akiuangalia mshono huo anaiona kazi yake mwenyewe. Cheni ya kiroba na cheni ya kwanza ya kitambaa cha kochi hazina tofauti, ila moja imetoka kwenye injini na nyingine kwenye vidole. Uzi wenyewe si mbaya: mweupe, imara, wenye urefu wa kutosha kipande kidogo cha kazi, na bei yake ni kuinama kuuokota. Ndio uzi niliouanzia nilipoamua kujaribu ufumaji ambao wenzetu wa Uingereza na Australia wameucheza kwa miongo kadhaa, na ambao hapa nitauita ufumaji huru.

Katika ufumaji huu hakuna ramani, hakuna mishono ya kuhesabu kutoka kwenye karatasi, hakuna rangi iliyopangwa tangu mwanzo. Unafuma kipande kidogo, pengine cha ukubwa wa kiganja, kwa uzi wowote ulio karibu. Katikati ya mstari unabadili uzi, unageuza mwelekeo, unaanza kufuma ubavuni badala ya juu, au unaweka kroshia chini na kuchukua sindano mbili. Vipande vikiwa vingi unavitandaza sakafuni, unavipanga na kuvipangua, kisha unavishona viwe mto, mkoba, kizibao au pambo la ukutani. Waingereza Sylvia Cosh na James Walters waliufundisha mtindo huu katika miaka ya 1970 na 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Waaustralia Prudence Mapstone na Jenny Dowde wakauandikia vitabu, na tangu hapo una wafuasi katika nchi nyingi.

Wazo la kufuma vipande mbalimbali na kuviunga baadaye ni la zamani zaidi, na lilikuzwa na njaa. Ugonjwa wa viazi ulipoivamia Ireland kuanzia mwaka 1845, masista wa Kikatoliki na wake wa wachungaji waliwafundisha wanawake kroshia ili wapate kitu cha kuuza. Katika mji mdogo wa Clones, Cassandra Hand, mke wa mchungaji, aliianzisha kazi hiyo mwaka 1847. Mwanamke mmoja alifuma maua ya waridi tu, jirani yake majani tu, kila mmoja kwake. Kisha fundi wa kuunga akavikusanya vipande na kuvifunga kwa wavu mwembamba wa cheni hadi ikatoka kola au gauni la kuuzwa kwa matajiri wa miji mikubwa. Walioshika kroshia hawakuwa na uhuru mwingi, maana walilipwa kwa kipande. Lakini mbinu ndiyo hiyo hiyo: kazi kubwa iko kwenye kuunga.

Huku kwetu sindano na kroshia zilipitia mlango unaofanana na huo. Shule za misheni zilifundisha wasichana kushona, kudarizi na kufuma, na bonde letu la Kilombero lilikuwa chini ya watawa Wakapuchini wa Uswisi, walioingia Tanganyika mwaka 1921, pamoja na masista waliofuatana nao. Baadaye somo likahamia shule za serikali, likaitwa sayansikimu, kisha stadi za kazi, na watoto wengi wa Tanzania wakajifunza kufuma kwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye sakafu ya saruji. Ifakara, mji wa tambarare ambako baiskeli hubeba kila kitu kuanzia mkaa hadi mgonjwa, haijawahi kukosa spoku. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita mbili hivi, na ikipindwa ncha vizuri ni kroshia kamili kwa uzi wa pamba. Kwa uzi mnene nachonga ya mti, na vipande vya mtiki vinavyobaki kwa maseremala vinafaa sana: mti mgumu, laini ukipigwa msasa, na hauchani uzi.

Kilichoota mizizi majumbani, hata hivyo, hakikuwa uhuru wowote. Kilikuwa seti. Ingia sebule ya Kibaoni au Viwanja Sitini, ukishapiga hodi na kukaribishwa kuketi, utakuta vitambaa vya makochi: vya migongo, vya mikono, cha meza ya kati, cha televisheni, na kimoja juu ya friji. Rangi ya maziwa na damu ya mzee, au nyeupe na bluu bahari. Binti akiagwa kwenye sendofu, seti ni zawadi ambayo haina aibu. Na kipimo cha fundi ni kimoja: cha sita kifanane na cha kwanza kiasi kwamba mwenye nyumba asijue kipi kilianza. Mkono unaoweza kurudia jambo lile lile bila kupungua wala kuzidi ni mkono uliofuzu, na sina ugomvi na kipimo hicho.

Shida huja uzi unapoisha kabla ya seti. Duka lina damu ya mzee, lakini si ile. Imekolea kidogo zaidi, kwa sababu imetoka kwenye pipa jingine la rangi kiwandani. Fundi anaweza kuendelea na kuombea mwanga hafifu sebuleni, au aanze upya. Wengi huanza upya, na ndiyo maana chini ya vitanda vingi vya mji huu kuna mfuko wenye mabonge ya uzi, kila moja dogo mno kutoa kitu na kubwa mno kutupwa. Waulize akina mama wanaofuma: kila mmoja anao, na karibu kila mmoja anauonea haya kidogo, kama deni.

Ifakara ina chanzo kingine cha mabaki ambacho miji mingi haina. Mji huu unajulikana kwa vitambaa vya pamba vinavyofumwa kwa vitanda vya mfumi vinavyoendeshwa kwa mikono na miguu, na chama cha akina mama wafumaji, Ifakara Women Weavers Association, kimeufanya ujulikane mbali zaidi ya bonde. Anayejua kazi hiyo anajua pia kwamba mtande hauishi wote. Nyuzi za urefu zimefungwa mbele na nyuma ya kitanda, na mfumaji akikaribia mwisho hufika mahali ambapo nafasi ya kupitisha mshindio haipo tena. Hapo hukata. Kila uzi wa mtande huacha kipande cha nusu mita au zaidi, na kitambaa kimoja kina mamia ya nyuzi hizo. Kwa mfumaji wa kitanda, kipande hicho hakikwepeki. Kwa mwenye kroshia anayefuata ramani, ni takataka, maana nusu mita ya uzi huisha kabla hajavuta pumzi. Kwa anayefuma huru ni neema, kwa sababu yeye alitaka kubadili rangi hata hivyo.

Mitumba ndiyo chanzo cha tatu. Fundi mzoefu haendi sokoni kutafuta sweta la kuvaa. Anatafuta la kufumua, na kabla ya kuuliza bei huligeuza ndani nje kutazama mishono ya ubavuni. Kama kila kipande kilifumwa kwa umbo lake na kuungwa kwa uzi, sweta lile ni bonge moja refu linalosubiri. Kama lilikatwa kutoka kwenye kitambaa kilichofumwa na mashine kisha likapigwa mshono wa ovaloki, kila mstari umekatwa kwenye ukingo, na ukilifumua utapata vipande vya upana wa kifua chako tu. La kwanza hugombaniwa. La pili huachwa, na mimi ndilo ninalolichukua, kwa bei ya kuondolewa mzigo. Uzi ukishafumuliwa huwa umejikunja kama nywele zilizotoka kwenye mabutu. Uuloweshe, uuning'inize na kitu kizito chini yake, na kesho yake umenyooka.

Kabla ya kuchanganya, chovya na choma. Chovya, kwa sababu pamba iliyotiwa rangi hafifu itawaachia wenzake rangi siku ya kufuliwa; iloweke usiku kucha kwenye beseni jeupe na utazame maji asubuhi. Choma, kwa sababu nyuzi za mitumba hazina lebo. Sufu halisi hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka. Pamba huungua kama karatasi. Akriliki huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Tofauti hii ina maana yake bondeni: pamba hunyonya maji na kukauka polepole, na wakati wa masika, mto Kilombero unapotapakaa na mto Lumemo kufurika, kitambaa kinene cha pamba huota ukungu kabla jua halijarudi. Sufu inaliwa na nondo. Akriliki haijali lolote kati ya hayo, lakini karibu na moto wa mkaa ni hatari, hivyo usiifanye kishikio cha sufuria.

Kuna uzi mmoja niliouacha kwa makusudi, ingawa unapatikana kila uchochoro: wa vyandarua vilivyochakaa. Ifakara ina historia kubwa na chandarua. Mradi wa KINET ulioanza mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga uliuza vyandarua na dawa ya kuvitia kwa jina la Zuia Mbu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara ndogo ya Waswisi ya miaka ya 1950, ilihusika moja kwa moja. Nyuzi za chandarua ni nyepesi na nzuri kwa macho, lakini zimetiwa dawa ya kuua wadudu, na mto wa kichwa uliofumwa kwa dawa si kitu cha kumlazia mtoto.

Sasa kufuma kwenyewe. Anayejua kroshia hana mshono mpya wa kujifunza hapa, na ndiyo sababu mwanzo humkera. Mikono inajua kila kitu. Kinachokosekana ni amri. Nilichoona kinasaidia ni kuanza na umbo moja ambalo mkono unalijua, duara, kisha kulivuruga. Duara la mishono mifupi linalolala bapa huongezewa mishono sita kila mzunguko: 6, 12, 18, 24, na kuendelea. Kila aliyefuma kofia ya mtoto anaijua hesabu hii hata kama hajaiandika, kwa sababu kofia huanza kama duara bapa, na siku anapoacha kuongeza, ukingo huanza kushuka na kofia kupata kina. Bondeni, ambako joto la mchana lingetosha kuivisha mkate, bado hakuna kichanga anayetoka wodini bila kofia ya sufu. Kwa hiyo duara, kofia na bakuli tunavyo.

Upande wa pili wa hesabu hiyo hatujauchezea sana. Ukiongeza zaidi ya sita, duara linakosa nafasi ya kulala na ukingo wake unaanza kujikunja mawimbi. Ongeza mshono mmoja kwa kila mishono mitatu au minne, kila mzunguko, na baada ya muda mfupi una kitu kinachojisokota mikononi kama kinataka kutoroka. Mwaka 1997, Daina Taimina, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alitumia kroshia kwa namna hiyo hiyo kuwaonyesha wanafunzi aina ya jiometri ambayo vitabu vilishindwa kuionyesha kwa michoro. Mwaka 2005, ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, wakaanza huko Los Angeles kufuma matumbawe kwa mbinu hiyo, maana matumbawe, kama majani ya kabeji, hukua kwa kuongeza ukingo kuliko nafasi iliyopo. Fundi wa Ifakara anaita jambo hili kuharibu kitambaa. Na kweli, kwenye seti ya makochi ni uharibifu. Lakini kipande kimoja chenye mawimbi, kilichofumwa kwa uzi wa kiroba na kuwekwa katikati ya vipande bapa vya damu ya mzee na kijani cha mpunga mchanga, ndicho jicho la mtu linakokwenda kwanza.

Baada ya duara, geuza. Fuma upande mmoja tu wa kipande mistari mitatu, mishono mirefu inayozidi kuwa mifupi, na utapata umbo la jani. Chukua uzi wa mtande, usiufiche ncha, uache uning'inie. Weka mishono mitano mirefu ndani ya tundu moja na kuibana juu, utapata kifundo kama punje. Ukipenda sindano mbili, okota vitanzi kwenye ubavu wa kipande cha kroshia na uendelee kwa kufuma kama sweta. Sehemu hiyo italainika na kuvutika, na utofauti huo wa mguso ni sehemu ya kazi. Kanuni pekee ninayoifuata ni kutofuma kipande kimoja kwa muda mrefu. Kikizidi kiganja kinaanza kuwa na mpango, na mpango ukiingia mkono unarudi kwenye seti.

Nilichojifunza kwa kuunga ndicho ningependa wafumaji wa bonde wakijaribu kabla ya kuamua kama mchezo huu unawafaa. Uhuru wote wa vipande unahitaji mpaka mmoja mkali. Chora umbo la kitu unachotaka kwenye gazeti au kitenge kikuukuu, kwa ukubwa wake halisi: mraba wa mto, au mgongo wa kizibao. Tandaza vipande juu yake vikiwa vimelala kifudifudi. Vitapishana, vitaacha mianya, kimoja kitazidi mpaka. Usikate. Kisogeze, kigeuze, kipindie chini ya mwenzake, na mwanya ukibaki fuma kipande cha kuuziba kwa umbo lake. Kisha shona kwa sindano ya kawaida ukipitia migongo ya mishono, ili upande wa mbele usionyeshe. Ncha za nyuzi zitakuwa nyingi mno, na kuzificha moja moja ni adhabu halisi; nyingi nazifungia ndani ya mshono wa kuunga.

Hapa bonde lina ujuzi wake wa zamani. Mkeka wa ukindu haufumwi kama kitambaa kimoja. Husukwa ukili, utepe mrefu wenye upana wa vidole vichache, mita nyingi za ukili, kisha ukili huo huungwa ukingo kwa ukingo hadi mkeka utimie. Wanawake waliokaa barazani wakiunga ukili wanajua kuvuta bila kukunja, kulegeza pale utepe unapopinda, na kuficha uzi wa kuungia katikati ya misuko. Mwanamke aliyeunga mikeka hahitaji kufundishwa kuunga vipande vya kroshia. Kitakachomtatiza ni kuambiwa vipande visilingane.

Rangi ni suala la jicho, na macho hayafanani. Njia ninayoipenda ni ya khanga: chagua rangi mbili zinazopingana, ya tatu iwe nyeupe au nyeusi ya kuziamulia, na usiongeze ya nne mpaka tatu hizo zimekwisha. Mfuko wa mabaki wenye rangi kumi na tano ukimwagwa wote mara moja hutoa kitambaa kinachochosha. Uzi wa kiroba hapa una kazi nyingine: mweupe wake uliotulia huzipa rangi nyingine mahali pa kupumzika, na ukichovywa kwenye manjano ya kupikia hupata rangi ya dhahabu, ingawa jua huipausha upesi.

Nikifika kwenye fedha, nafika mahali ambapo sikubaliani na desturi ya kurasa zetu. Kila makala kuhusu kazi za mikono za wanawake humalizikia kwenye ujasiriamali: kikundi, katiba, akaunti ya benki, na mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia nne yake ni ya wanawake. Seti za makochi zinaendana na mpango huo, kwa kuwa zina kipimo: mabonge kadhaa ya uzi, siku kadhaa za kazi, bei inayojulikana sokoni, na mteja akitaka nyingine utampa nyingine. Kitambaa huru hakina lolote kati ya hayo. Uzi wake haukununuliwa, saa zake hazihesabiki, na hakiwezi kurudiwa hata na aliyekifuma. Mnunuzi wa Ifakara atakigeuzageuza, atakisifu kwa adabu, kisha atauliza kama vipo vinne. Mgeni anayeshuka treni ya TAZARA au anayetembelea milima ya Udzungwa pengine atalipa vizuri, lakini hupita mara chache, na kujenga riziki juu ya mgeni ni kujenga kwenye kingo za Lumemo.

Mama mmoja wa Kibaoni, fundi wa seti kwa miaka mingi, ameliamua jambo hili bila semina. Seti zake zinalipa ada za watoto kama kawaida. Kila seti ikikamilika, mabonge yanayobaki huingia kwenye blanketi lake la vipande, analolifuma jioni akisubiri wali uive, na ambalo limeshapita upana wa kitanda. Wateja wakifika huliona limekunjwa kwenye kiti, na wengine huuliza bei. Huwajibu kuwa hilo ni la nyumbani, kisha huwafungulia kabati waone za damu ya mzee na za maziwa.